Badilisha Silenbloki Mwenyewe, Mtaa Mzima Ukuone

Gari lako linagonga. Ukikanyaga breki getini, ngo! Ukirudi nyuma kutoka lupangoni, yaani uani, ngo! Mkeo amesikia, jirani amesikia, na kijana anayeuza yuniti pale kona amekuambia bila hata kuinua macho kwenye simu yake: "Yaya, ile silenbloki ilikufaka zamani." Umeona aibu. Vizuri sana. Aibu ni mtaji. Bila aibu hakuna mtu mwenye nguo safi ambaye angelala chini ya gari siku ya Jumamosi.

Mimi niko upande wako. Najua hutaki kuwa fundi. Unataka gari linyamaze, pesa zibaki mfukoni, na Jumapili watu waseme, "Alitengeneza mwenyewe." Yote matatu yanawezekana hapa hapa Likasi. Njia za mkato ninazo nyingi na nitakupa karibu zote. Nitakunyima moja tu, na tukiifikia utajua kwa nini.

Kwanza: mjue mgonjwa wako

Silenbloki lilikuwa jina la biashara la Kifaransa, likageuka kuwa jina la kitu chenyewe. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaiita bushi. Ukiikata katikati utaona bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa la chuma nje, na mpira ulioshikana nayo yote mawili. Bomba la nje limekazana kwenye tundu la mkono wa chini, ule unaolishika gurudumu. Bomba la ndani limebanwa na bolti kwenye mwili wa gari. Gurudumu likipanda na kushuka, hakuna chuma kinachosuguana na chuma. Mpira ndio unaojisokota na kurudi. Shika neno hilo, kujisokota. Kazi yote imo ndani yake, na kabla ya jioni utapata nafasi ya kulitamka mbele ya watu.

Mpira unazeeka. Unaliwa na joto, na oili inayovuja kutoka kwenye injini, na vumbi jekundu, na mashimo. Mvua zikianza Oktoba au Novemba, kila shimo linajificha chini ya maji na unalijua kwa mgongo wako. Tena magari yetu mengi yalizeeka kabla hatujayaona: Toyota ya usukani wa kulia iliyochoka Japani, ikashuka bandarini Dar es Salaam, ikakatiza Zambia, ikaingia Kongo kupitia Kasumbalesa. Hata kama ulilinunua jana, mpira wake una umri wa gari.

Hakikisha kabla hujatoa pesa. Ingiza mtaimbo kati ya mkono na mwili wa gari, sukuma taratibu, tazama. Silenbloki nzima inasogea kidogo na kurudi. Iliyokufa inafunguka kama mdomo, na utaona ufa au bomba la ndani likiwa limekaa upande. Angalia na tairi: likiliwa upande wa ndani peke yake huku usukani ukivuta wakati wa breki, shaka imepungua sana. Fanya ukaguzi huu mtu akiwa anakutazama. Mtu mwenye mtaimbo anaheshimiwa.

Pili: njia ya mkato kubwa kuliko zote

Nakupa mapema ili usihangaike: nunua mkono mzima. Kwa magari yaliyojaa hapa, Corolla, IST, Noah, mkono wa chini unauzwa ukiwa na silenbloki zake, na wakati mwingine na bolijointi yake. Unafungua bolti chache, unatoa wa zamani, unaweka mpya. Hakuna kugonga wala kushindilia. Kazi ya siku nzima inakuwa ya asubuhi, na ukisema "nilibadilisha silenbloki" hujadanganya hata nukta, maana kweli umezibadilisha.

Ila usinunue mkono wa okazo, uliotolewa kwenye gari lingine, eti kwa sababu unang'aa. Rangi nyeusi inapakwa kwa dakika tano. Mpira wake ni mzee kama wako, na pengine umekaa juani kwa muuzaji miezi mingi. Ukucha wako ndio mashine ya kupimia: ukandamize kwenye mpira. Ukiacha alama na mpira ukarudi, sawa. Ukiona vipasuko vidogo kama udongo wa kiangazi, rudisha.

Pesa ya mkono mzima haipo? Hakuna neno, nunua silenbloki peke yake. Nunua za pande zote mbili, kushoto na kulia, kwa sababu zilitembea njia moja na zimechoka pamoja. Pima ya zamani kwanza, uende na vipimo ulinganishe kipenyo, urefu na tundu la ndani. Anayenunua kwa kutaja jina la gari tu atarudi dukani mara mbili, na mara ya pili wanamjua.

Zile zinazochongwa kutoka tairi kuukuu, zinazouzwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ninawaheshimu wanaozichonga. Zinafaa kwenye mkokoteni, na labda kwenye springi za lori linalotembea polepole. Kwenye mkono unaoongoza gurudumu la mbele la gari lenye watoto nyuma, hapana.

Tatu: inua gari kama mtu anayetaka kuzeeka

Hapa sina mkato, nina woga tu, na naomba uwe nao. Udongo wa lupango ni laini. Kriki, yaani jeki, ikisimama juu yake inazama upande mmoja, na gari linafuata. Weka ubao mpana na mnene chini ya kriki. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Kisha weka vigoda vya chuma chini ya mwili wa gari, pale palipo imara. Ukikosa vigoda, azima. Ukikosa wa kukuazima, kazi iahirishwe. Tofali la sementi halifai: linavumilia, linavumilia, halafu linapasuka mara moja bila kukuaga. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya gari, ili likianguka lishukie juu yake na wewe ubaki na nafasi ya kupumua.

Sukuma gari kwa bega kabla hujaingia chini. Likitikisika, panga upya. Majirani watakuona unapanga mara tatu na watakuona mtaalamu.

Nne: usipigane na kutu, idanganye

Bolti zako hazijafunguliwa tangu Japani. Ukizivamia Jumamosi asubuhi kwa nguvu zote, moja itakatika, na siku yako imekwisha. Zidanganye kuanzia Alhamisi. Piga nyuzi kwa brashi ya waya, mimina mafuta ya kulegeza kutu, na kama huna, mazutu (dizeli) ya kawaida. Rudia Ijumaa. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, pigo fupi fupi, ili mtikisiko uvute mafuta ndani.

Hapo hapo unapata zawadi. Mtu akikuta umekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya gari lililoinuliwa, umekunja mikono, akauliza mbona hufanyi kazi, jibu kwa utulivu: "Nasubiri mafuta yaingie." Ni jibu la kweli kabisa, na halina mwisho. Limewaokoa watu wengi ambao kwa wakati huo hawakujua hatua inayofuata. Litumie, vuta pumzi, fikiri.

Ukipata bolti inayozunguka lakini haitoki, ujue imeshikana na bomba la ndani. Mimi iliwahi kunitokea kwenye Corolla: nilizungusha nusu saa nikidhani nafungua, kumbe nilikuwa nasokota mpira tu. Acha kuzungusha. Kata bolti kwa msumeno wa chuma pande mbili za silenbloki, toa mkono, kanunue bolti mpya. Silenbloki inakufa hata hivyo, usiionee huruma.

Kabla hujatoa mkono, piga picha kwa simu, pande zote. Simu haisahau, wewe, ukishakula bukari ya mchana, utasahau.

Tano: kuitoa ya zamani

Watu watakushauri uweke mkono kwenye mbabula, jiko la makaa, uunguze mpira utoke. Ni kweli unatoka. Lakini moshi wake ni mweusi na ni sumu, watoto wako wanacheza hatua tatu kutoka hapo, bolijointi iliyoko upande wa pili inaiva pamoja nao, na mama wa nyumba anaihitaji mbabula yake. Mkono wa alumini ndio usiuonyeshe moto kabisa. Unapoteza nguvu yake bila kubadilika sura.

Fanya hivi. Kwanza weka alama. Silenbloki nyingi zina matundu yaliyoachwa makusudi ndani ya mpira, na zina upande wa kutazama. Ukizigeuza, gari litatembea lakini vibaya. Chora mstari kwenye mkono kwa rangi ya kucha ya binti yako, pale matundu yanapoelekea. Pima pia silenbloki imezama kiasi gani kwenye tundu lake. Kisha toboa mpira kwa keekee, tundu kando ya tundu, kuzunguka bomba la ndani, mpaka bomba hilo lidondoke. Limebaki la nje. Pitisha wembe wa msumeno wa chuma katikati yake, ufunge tena kwenye fremu, kata bomba kutokea ndani. Kata polepole. Ukiona rangi ya chuma inabadilika, simama: umefika kwenye mkono, na mkono haupaswi kuguswa. Patasi ndogo na mapigo mawili, bomba linajikunja na kutoka kama ganda la karanga.

Safisha tundu kwa msasa mpaka ling'ae. Usilipanue.

Usitupe silenbloki ya zamani. Iweke juu ya ukuta, mahali inapoonekana, mpira ukining'inia. Wageni wataishika wenyewe, wataigeuza, watatikisa kichwa. Hakuna maneno yatakayokusifia kama kipande hicho cha mpira kilichooza.

Sita: kuiingiza mpya, au kushindwa kwa heshima

Silenbloki mpya ni pana kidogo kuliko tundu lake. Imekusudiwa hivyo, ili ikiingia ikazane. Hutaisukuma kwa dole gumba, wala usiipige nyundo. Ikiingia kombo kidogo tu, umeharibu vyote viwili. Inataka kushindiliwa sawasawa.

Andaa kishindilio chako. Tafuta bolti ndefu yenye nyuzi mwili mzima, nati mbili, washa nene, na kipande cha bomba ambacho kipenyo chake cha ndani kinazidi kidogo silenbloki. Bomba linakaa upande wa pili wa tundu, liipokee silenbloki ikitokeza. Upande wa kuingilia weka washa au soketi inayogusa bomba la nje peke yake. Ukisukuma mpira au bomba la ndani, unaikata silenbloki mpya kwa mikono yako.  Kaza nati robo mzunguko kwa robo mzunguko, tazama pande zote, rekebisha mapema.

Barafu inasaidia. Laza silenbloki kwenye friza usiku kucha, kwa jirani anayeuza samaki ikibidi, ikiwa ndani ya mfuko ili isinuke. Chuma cha milimita 50 kikipoa kutoka nyuzi 25 hadi 15 chini ya sifuri kinasinyaa kama sehemu 24 za elfu moja za milimita. Ni kidogo kuliko unywele, lakini kwenye kitu kinachoingia kwa kubanwa, unywele ni mwingi. Paka nje yake maji ya sabuni. Grisi na oili ziache: zinavimbisha mpira na kuulainisha mpaka uwe kama uji, wakati sabuni inakauka na kuondoka.

Na ikikataa? Ikikataa, ndugu yangu, usikaze mpaka nati ivuke nyuzi. Tia mkono na silenbloki kwenye gunia na uondoke. Huu ni mji wa watu wa chuma. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikataifishwa mwanzoni mwa 1967 na baadaye ikawa Gécamines, na tangu mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, viwanda vya Shituru na Panda vililea watu wa kukereza, kuchomelea na kunyoosha. Wengine walistaafu na kufungua karakana ndogo, na ujuzi wao umebaki kwa wana na wajukuu.

Mzee mmoja wa namna hiyo aliichukua silenbloki yangu, akaiweka kwenye kiganja, akapitisha kidole ukingoni akiwa amefumba macho. Akaona kijino kidogo cha chuma ambacho mimi sikukiona kwa saa mbili. Akakisugua kwa tupa mara tatu, akaiweka chini ya mashine, akavuta mkono wa mashine mara moja. Ikaingia kwa sauti ndogo, kama mlango mzuri unapofungwa. Nilimlipa, nikarudi na gunia langu. Mimi ndiye niliyefungua, nami ndiye niliyefunga. Kumwachia mwenye mashine dakika moja ya kazi hakukuondolei sifa hata kidogo, na ukiulizwa, mtaje kwa shukrani, apate wateja.

Saba: mkato ninaokunyima

Umerudisha mkono. Bolti zimeingia, nati zimeshika. Jua linazama, umechoka, gari lingali juu ya vigoda na gurudumu linaning'inia. Kila kiungo cha mwili wako kinasema: kaza, maliza, kaoge.

Usikaze.

Kumbuka neno nililokwambia ushike. Mpira unajisokota. Ukikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, unalibana bomba la ndani katika hali hiyo, na mpira unaichukua kuwa ndiyo hali yake ya kupumzika. Kisha unashusha gari. Mkono unapanda, mpira unasokotwa, na unabaki umesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limelala. Halafu unaingia shimoni, na unasokotwa zaidi. Mpira ambao ungekaa miaka unachanika baada ya miezi michache, wakati mwingine wiki. Nawe utasema dukani wamekuuzia bandia. Nimewasikia wengi wakilalamika hivyo, na nilipowauliza walikazaje, wote walikaza hewani.

Kaza kwa mkono tu, nati iguse. Weka kriki chini ya mkono wa gurudumu, karibu na bolijointi, inua mpaka gari lianze kunyanyuka kidogo kutoka kwenye kigoda. Sasa mkono umebeba uzito kama ukiwa barabarani. Au rudisha gurudumu na ushushe gari juu ya mbao nene, ili upate nafasi ya kuingiza spana. Hapo sasa kaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kwa spana ya kupimia nguvu. Spana hiyo ni ghali; iazime kwa nusu saa na uirudishe na soda.

Hii ndiyo nafasi yako ya kusema. Yule kijana wa yuniti atakuwa amesogea. Atauliza mbona unakaza gari likiwa limeshuka, wakati mafundi anaowajua wanakaza likiwa juu. Mweleze habari ya kujisokota, mwonyeshe ile ya zamani ukutani. Atanyamaza, na kesho atawaeleza wengine kana kwamba aligundua yeye. Mwache. Magari mengi zaidi ya mtaa wako yatanyamaza.

Nane: toka ukaonekane

Oga kwanza, vaa shati. Pita taratibu mtaani, madirisha wazi, ukanyage breki pale pale getini palipokuwa na ngo. Kimya. Usipige honi, kimya kinatosha, watu watakisikia.

Siku inayofuata peleka gari wakanyooshe magurudumu kwa mashine, kwa sababu mkono umeshatoka na kurudi, na tofauti ndogo sana inamaliza tairi jipya kwa msimu mmoja. Kisha nenda mji jirani wa Kambove na kurudi, mwendo wa wastani, ukiwa peke yako. Ukifika nyumbani, kabla hujamsalimia mtu, chukua spana, uangalie zile nati tena. Usikimbilie Lubumbashi kwanza: ni kilomita kama 120, na malori ya madini hayakungoji upone. Familia yako ipande baada ya hapo.